Barua mbili mezani: kisa cha mkimbiaji aliyechagua kati ya vyuo viwili vigumu kuingia Marekani

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya familia yenyewe, na kila kinachoweza kumtambulisha binti nimekitoa: majina ya vyuo, mji wanaoishi, muda wake halisi wa mbio, na hela nimezizungusha kidogo ila uwiano wake ni uleule. Nakiandika kwa sababu wazazi wengi wanaoongea Kiswahili walioko Marekani wanafika hatua hii wakiwa na mtoto mwenye kipaji na maksi nzuri, wanapewa makaratasi mawili yanayofanana kwa juu, afu wanaamua kwa ukubwa wa jina la chuo au kwa ile namba iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa. Makaratasi hayo hayafanani hata kidogo. Tofauti kubwa kuliko zote ni nani anashika hela ya mtoto wako, kocha au ofisi ya misaada ya fedha, na ndo maana nimechagua kisa hiki na sio kingine.

Usuli

Tumwite Neema, si jina lake. Mwaka 2023 alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Anakimbia mita 800 na mbio za nyika, muda wake ulikuwa mzuri kiasi cha kuitwa na vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ile ya juu kabisa, ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) lakini sio ule wa kufanya makocha wagombane, na hili ni muhimu maana mtoto wa kiwango hiki ndo anayepata ofa nyingi zenye masharti mengi. Darasani alikuwa na A karibu tupu, anataka uhandisi wa kemikali na hakuyumba kwenye hilo tangu mwanzo. Mama yake anafanya kazi ya kulipwa kwa saa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna mdogo wake mmoja, na kuna mjomba anayeishi karibu ambaye ndo msomaji wa makaratasi yote ya ukoo. Wana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo Neema alikuwa na haki ya kujaza FAFSA (fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za chuo) kama mwanafunzi wa hapohapo.

Mtu asiyejua riadha ya vyuo lazima aelewe kitu kimoja kwanza. Mkimbiaji wa masafa ya kati na marefu hana mapumziko kama mchezaji wa soka. Agosti hadi Novemba ni mbio za nyika, baridi ikiingia ni mashindano ya uwanja wa ndani, Machi hadi Juni uwanja wa nje. Misimu mitatu, mwaka mzima wa shule. NCAA inaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, sawa, lakini siku ya mashindano inahesabiwa saa 3 tu hata kama mmekaa uwanjani kutwa nzima, na safari haihesabiwi, na muda wa kukaa kwa mtaalamu wa viungo kuwekewa barafu hauhesabiwi. Sasa weka juu ya hapo maabara za kemia za mchana, ndo unaanza kuona tatizo.

Ofa zenyewe

Chuo A ni kimojawapo kati ya vile vinane vya Ivy League. Vyuo hivi havitoi ufadhili wa michezo kabisa, makubaliano yao yanatoka mwaka 1954, hela yote wanayotoa inafuata uwezo wa familia. Kocha wa pale hawezi kukupa shilingi wala dola, anachoweza ni kupeleka jina lako kwa ofisi ya udahili akisema huyu namtaka, na wao wakiridhika na maksi zako wanakutumia barua ya mapema, kuanzia Oktoba 1, inayosema kwa maneno ya kiungwana kwamba utapokelewa ukiendelea hivyohivyo darasani na kitabia. Mpaka hiyo barua itoke huna kitu. Una neno la kocha tu.

Chuo B ni cha binafsi, kigumu kuingia vilevile, ila kipo kwenye mojawapo ya zile ligi kubwa tano za wakati ule. Wao walimpa ufadhili wa michezo wa zaidi kidogo ya nusu ya gharama, na sehemu iliyobaki wakajazia na msaada wa kifedha. Kwenye vyuo vyote viwili gharama nzima ilikuwa karibu dola 85,000 kwa mwaka. Makadirio yalipotoka familia ingelipa kama dola 9,000 kwa mwaka Chuo A na dola 6,500 Chuo B. Miaka minne tofauti ni dola 10,000, na kwa mama anayelipwa kwa saa hiyo ni hela nyingi sana, asije mtu akasema ni ndogo.

Mambo yalivyokwenda

Juni na Julai makocha wote wawili waliomba transkripti na matokeo ya mtihani. Kocha wa A akazipeleka udahili wazisome mapema, jibu likarudi kwamba hakuna tatizo. Septemba Neema akatembelea vyuo vyote viwili kwa gharama zao, akalala bwenini na wanariadha wenzie. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri, kila kocha anatabasamu.

Shida ilianza mwanzoni mwa Oktoba. Kocha wa B alipiga simu akasema anataka jibu kufikia tarehe 20, maana kuna binti mwingine anasubiri ofa hiyohiyo, na kama Neema anakubali basi atasaini National Letter of Intent, yaani barua ya kujifunga na chuo, wiki ya pili ya Novemba. Hiyo barua wakati ule ilikuwa bado ipo (NCAA waliifuta Oktoba 2024) na ilikuwa na meno: ukisaini halafu ukaenda chuo kingine kilichomo kwenye mpango unapoteza msimu mzima. Na kwa sababu Neema alikuwa chini ya miaka 21, mama naye alitakiwa kusaini. Upande wa A kocha anasema faili litaingia kwenye kamati "wiki hizi", tarehe hasemi.

Yaani mmoja anakupa jibu lakini anakunyima muda, mwingine anakupa muda lakini hakupi jibu. Hali hii inawakuta wengi mno na sio bahati mbaya, kalenda zao hazikutengenezwa kwa ajili yako.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili. Mjomba alikuwa upande wa B bila kuficha. "Neema mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawa wameandika, wale wanaahidi." Neema akamjibu kwa heshima, "Nimekuelewa mjomba, ila naomba tukisome hiki kipengele cha kupoteza msimu pamoja." Mama alikuwa kimya muda mrefu afu akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndo lililoamua kesi nzima: "Mimi hizo ligi sizijui. Nataka kujua mguu wake ukivunjika, au akichoka tu mwenyewe, hela inabaki au inaondoka?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Wakagawana kazi. Mjomba apige simu ofisi za misaada ya fedha, sio kwa makocha. Neema aongee na makocha na aombe muda B. Na wakakubaliana mapema kabisa kwamba kama barua ya A haijafika mpaka siku ya mwisho, anachukua B bila kujuta, maana B kilikuwa chuo kizuri na ofa ya kweli.

Neema alimpigia kocha wa B mwenyewe, hakumtuma mama wala hakuandika imeili. Akamwambia ukweli kwamba kuna chuo kingine, kwamba faili lipo kwenye kamati, na kwamba anaomba wiki moja. Kocha hakufurahi ila akampa. Siku hiyohiyo akampigia kocha wa A akamweleza tarehe yake mpya, na kumbe hilo ndo lililosukuma mambo, maana kocha wa A alikuwa hajui kwamba kuna saa inagonga upande wa pili. Faili lilikuwa tayari kusomwa kwa sababu Neema alishakamilisha maombi yote, insha na barua za walimu, mwisho wa Septemba. Wenzie wengi wangekuwa bado wanaandika insha wakingoja dedilaini ya Novemba 1, na kamati haiwezi kutoa barua ya mapema kwa faili lenye mapengo.

Barua ikafika siku chache kabla ya muda wa nyongeza kuisha. Akaichagua A. Akampigia kocha wa B kumshukuru kwa sauti yake, kabla hajatangaza popote.

Kwa nini A

Majibu ya simu za mjomba ndo yaliyogeuza meza, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema amebadili mawazo.

Ofisi ya misaada ya A ilisema msaada hauhusiani na timu kabisa, akiacha kukimbia kesho asubuhi hela ni ileile. B walieleza vizuri pia, siwasemi vibaya: kwa kanuni za ligi zile kubwa tangu 2015 chuo hakiwezi kukunyang'anya ufadhili kwa sababu umeumia au umeshuka kiwango. Hiyo ni kinga ya kweli na wazazi wengi hawaijui, wanaogopa jeraha kuliko inavyostahili. Ila akiacha mwenyewe, kwa hiari yake, ufadhili wa michezo unaisha, na mjomba alipouliza kama ofisi ya misaada itajaza pengo akaambiwa wataangalia upya. Akaomba waandike. Hawakuandika.

Kwa hiyo zile dola 2,500 kwa mwaka ambazo B ilikuwa inaokoa zilikuwa ni bei ya kitu fulani: uhuru wa kusema inatosha. Kwa binti anayetaka uhandisi wa kemikali, ambaye kuna uwezekano mkubwa akifika mwaka wa tatu maabara zitagongana na mazoezi, uhuru huo una thamani. Kwa mtoto mwingine usingekuwa na thamani yoyote.

Jambo la pili ni alichokisikia bwenini usiku. Hakuwauliza wanariadha kama wanaipenda timu, wote watasema ndiyo. Aliwauliza nani hapa alibadili fani kwa sababu ya mazoezi. B wakamtajia wawili, bila ubaya wowote, na kwenye timu ya wanawake hakukuwa na hata mmoja wa uhandisi wa kemikali. A walikuwepo kadhaa wa uhandisi na walikuwa na mazoea ya kuwapeleka mazoezini asubuhi siku za maabara. Hilo swali kila mzazi amfundishe mwanae kabla ya ziara.

La tatu ni safari. Agosti na Septemba 2023 ligi kubwa zilikuwa zinahamahama, ligi ya Big Ten ikavichukua vyuo vya Oregon na Washington, ligi ya ACC ikatangaza vyuo vya Stanford, Cal na SMU, yaani ligi iliyoitwa ya pwani ya Atlantiki ikawa na vyuo vya California. Mtu yeyote aliyefuatilia habari aliona kwamba safari za ndege zitaongezeka, ingawa kwa mkimbiaji sio mbaya kama kwa timu za mpira zinazocheza kila wiki, maana riadha ligi nzima inakutana mara chache tu. Familia ililipa jambo hili uzito mdogo na nadhani walikuwa sahihi.

Ikawaje

Alianza vuli ya 2024. Mbio za nyika alikimbia mara chache, alikuwa wa kati kwenye timu. Majira ya baridi mfupa wa muundi ukapata ufa wa uchovu, ule unaowapata wakimbiaji wengi wa mwaka wa kwanza wanapoongezewa kilomita ghafla, akakosa msimu wote wa ndani na sehemu kubwa ya nje. Karatasi ya msaada ya mwaka wa pili ilipokuja haikutaja riadha hata kwa neno moja. Swali la mama lilijibiwa hapo.

Lakini karatasi hiyohiyo ilikuja na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mama alikuwa ameongezewa cheo kidogo na zamu za usiku, mapato yakapanda, na sehemu ya familia ikatoka dola 9,000 ikafika karibu 12,000. Ndo msaada wa uwezo unavyofanya kazi, unafuata kipato kinapokwenda. Chuo B ile sehemu ya michezo isingetikisika kwa zamu za usiku za mama. Waliandika rufaa kueleza kwamba zamu zile ni za muda na kwamba wanatuma hela kumtunza bibi, wakarudishiwa kiasi, sio chote.

Kiangazi cha 2025 kocha wake wa masafa ya kati akahamia chuo kingine. Neema alikuwa amekichagua A kwa sehemu kubwa kwa sababu ya huyo kocha, aliumia moyo, akafikiria kuhama, na kwa kanuni za sasa angeweza kuhama na kukimbia mara moja bila kukaa benchi. Akabaki. Sababu yake ilikuwa maabara, alishapata nafasi kwa profesa mmoja na hakutaka kuanza upya.

Na Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, ile ya wanariadha kudai malipo. Vyuo vinavyoingia kwenye mpango vinaruhusiwa kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na kwa kubadilishana na hayo vikomo vya ufadhili vikaondolewa vikawekwa vikomo vya rosta, yaani idadi ya wanariadha kwenye orodha ya timu: wanawake mbio za nyika 17, riadha ya uwanjani 45. Ivy League ilikuwa imeshatangaza Januari 2025 kwamba haiingii. Kwenye vyuo vilivyoingia wanariadha wa kati kama Neema, wenye jeraha na muda ambao haujashuka, ndo waliokuwa ukingoni. Kulikuwa na utaratibu wa kuwalinda waliokatwa ili wasihesabiwe kwenye kikomo, ila kuwarudisha kuliachwa mikononi mwa chuo.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanasema "aah, aliona mbali". Hakuona mbali. Oktoba 2023 hakuna mtu kwenye ile sebule aliyejua habari za rosta 17. Uamuzi usipewe maksi kwa jambo ambalo halikujulikana. Kinachostahili maksi ni kwamba walichagua karatasi ambayo haikutegemea nafasi kwenye timu, na karatasi ya namna hiyo inavumilia mambo mengi yasiyotabirika, jeraha, kocha kuondoka, sheria kubadilika, bila wewe kuhitaji kuyatabiri.

Kupiga simu kwa mwenye jibu lilikuwa jambo la pili. Kocha anajua riadha. Udahili sio wake, msaada wa fedha sio wake, na akikujibu kuhusu hayo anakujibu kwa nia njema lakini sio kwa mamlaka. Mwaka ule ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu FAFSA mpya ilichelewa, badala ya Oktoba ilifunguliwa mwisho wa Desemba 2023, kwa hiyo makadirio yote waliyokuwa nayo Oktoba yalitokana na fomu za kodi na CSS Profile (fomu nyingine ya kuombea msaada) tu. Familia iliomba makadirio hayo yaje kwa imeili kutoka ofisi yenyewe. Walipokuja kulinganisha na hesabu kamili baadaye tofauti ilikuwa ndogo.

Na ule ukweli wa Neema kwa makocha wote wawili. Wazazi wengi wanaogopa kwamba ukimwambia kocha una ofa nyingine atakasirika akufute. Huyu alisema wazi, kwa adabu, kwa tarehe, na kila upande ukasogea. Wangenyamaza, tarehe 20 ingefika barua haijaja na wangesaini B kwa woga, na kusaini kwa woga ni tofauti kabisa na kuichagua B kwa sababu B inakufaa.

Kilichokwama

Hakuna aliyeuliza kuhusu kipato kupanda. Mjomba aliuliza kila kitu kuhusu riadha kuisha, hakuuliza mama akipata zamu zaidi inakuwaje, na ilhali mama alikuwa tayari anaomba zamu hizo. Ofisi ingewaambia. Swali lingeweza kuwa hivi tu: mapato yetu yakiongezeka dola 10,000, sehemu yetu inakwenda wapi? Sidhani kama lingebadilisha uamuzi, ila lingewapa mwaka mzima wa kujiandaa badala ya wiki tatu za kukimbizana na rufaa.

Hakuna aliyeuliza miaka ya Ivy. Vyuo hivyo haviruhusu mwanafunzi wa shahada ya pili kushindana, na havina utamaduni wa kukalisha mtu mwaka mmoja ili arefushe muda wake. Misimu aliyopoteza Neema kwa jeraha, akiitaka tena itabidi akaikimbie chuo kingine baada ya kuhitimu. Wapo wanaofanya hivyo na inakuwa njia nzuri ya kulipiwa shahada ya pili, lakini ni kitu cha kujua mwanzoni, sio kukisikia ukiwa umevaa buti la plasta.

Kuhusu kocha nina maoni makali kidogo. Neema alisema mwenyewe kwamba nusu ya moyo wake ilikuwa kwa yule kocha, na kocha wa kitengo, tofauti na kocha mkuu, anahama anapopata kazi bora, ndo maisha yao. Swali "una mpango wa kukaa?" halina maana, atasema ndiyo na siku hiyo anamaanisha. La maana ni kumuuliza kocha mkuu mazoezi ya masafa ya kati yanapangwa na nani huyu asipokuwepo, na kuangalia rosta ya miaka minne nyuma: waliingia wangapi mwaka wa kwanza na wangapi bado wapo mwaka wa nne. Rosta zipo wazi kwenye tovuti za vyuo vyote, zinahitaji jioni moja tu. Familia hii haikuifanya hiyo kazi kwa chuo chochote.

Halafu kuna ile hoja ya mjomba, ambayo ilishindwa kwenye kikao na mimi bado naiheshimu. Kama Neema angekuwa mtoto ambaye mbio ndo kila kitu, anayetaka kusoma fani isiyo na maabara za mchana, na kama mama angekuwa na kipato kinachopanda na kushuka kila mwaka, ofa ya B ingekuwa bora: asilimia imeandikwa, kinga ya jeraha ipo, ligi ni ngumu zaidi na vifaa ni vya hali ya juu. Juzi kuna familia nyingine imeniletea makaratasi ya namna hiyohiyo, kijana wao anakimbia mita 5,000 na anataka kusoma historia, baba anaendesha lori na mapato yake hayatabiriki. Nimewaambia waanze na B.